Pizza ya Zanzibar nyumbani: mwongozo kamili wa kuipika bila kuchanika wala kuvuja

Unga unachanika ukiwa bado mezani. Yai linakimbilia kwenye mafuta. Au kila kitu kinakwenda vizuri mpaka unapoikata, unakuta nje imeungua na ndani ute wa yai bado unatiririka. Wanaojaribu pizza ya Zanzibar nyumbani hukwama palepale, mmoja baada ya mwingine, na karibu wote hulaumu tava au moto.

Kosa huwa limeshafanyika saa mbili nyuma: donge halikupumzika, na nyama ilibaki na maji. Ukiyaweka sawa mambo hayo mawili, kukunja na kukaanga kunakuwa kazi ya kawaida kwa mtu yeyote aliyewahi kupika chapati. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye unga kuliko kwenye viungo.

## Unachokwenda kupika

Weka kando pizza ya Napoli. Ile inataka tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 430 za Selsiasi na huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Oveni ya nyumbani haifiki huko.

Hii ya Forodhani, bustani ya chakula cha usiku huko Mji Mkongwe, Zanzibar, haijui oveni. Ni unga uliotanuliwa mpaka ukawa mwembamba sana, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, yai, mayonezi na jibini, ukakunjwa pande nne na kukaangwa juu ya tava kwa moto wa chini. Huiva kwa dakika 7 hadi 9. Mwenye uzoefu wa mantabali, au wa mkate wa mayai wa Mombasa, ana nusu ya kazi mkononi tayari.

## Mahitaji (pizza 8)

Unga:

- Unga wa ngano mweupe, gramu 500
- Maji ya uvuguvugu, mililita 300, na mengine kidogo ya akiba
- Chumvi, kijiko cha chai kimoja na nusu
- Mafuta ya kula, vijiko 2 vya chakula vya kukandia, na kikombe kimoja cha kupakia madonge

Nyama:

- Nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi, gramu 500
- Thomu na tangawizi zilizotwangwa, kijiko cha chai kimoja kwa kila kimoja
- Bizari nyembamba ya unga, kijiko cha chai kimoja
- Pilipili manga, nusu kijiko cha chai
- Ndimu 1, na chumvi

Vya kujazia:

- Mayai 8
- Vitunguu maji 2 vikubwa
- Pilipili hoho 2
- Kotimiri, fungu dogo
- Pilipili mbuzi, kwa anayeipenda
- Jibini laini za pembetatu, zile zinazofungwa karatasi ya fedha, 8
- Mayonezi, vijiko 8 vya chakula
- Samli au mafuta ya kukaangia

Vyombo: tava nzito au kikaango bapa chenye kitako kinene, sinia la bati au meza laini isiyopitisha mafuta, bakuli dogo, uma, na mwiko bapa wa chuma. Tava nyembamba ya bati iepuke, maana hupata moto katikati tu na kuacha pembe mbichi.

Neno moja kuhusu unga, kwa sababu hapa ndipo wengi huanza kupotea. Chukua unga mweupe wa kawaida wa chapati na maandazi. Usichukue ule wa keki uliokwisha kutiwa bekingi pauda, kwa kuwa viputo vyake hutoboa unga ukiuvuta. Usichukue pia atta, unga wa ngano usiokobolewa, kwani pumba zake hukata nyuzi za gluteni (protini inayoufanya unga uvutike) na donge hukatika kabla halijafika upana wa sahani. Ukiwa Ulaya au Marekani, angalia nyuma ya pakiti na tafuta unga wenye protini gramu 11 hadi 12 kwa kila gramu 100.

Hamira haihitajiki. Sukari pia iache: kwenye moto wa chini unaochukua muda mrefu, sukari hubabua ngozi ya nje kabla yai halijaganda.

## Hatua ya 1: Pika nyama kwanza, na uikaushe

Anza na nyama kwa sababu inatakiwa iwe imepoa kabisa wakati wa kujaza. Nyama ya moto hulainisha unga mbichi na kuutoboa papo hapo.

Weka nyama kwenye sufuria bila mafuta. Tia thomu, tangawizi, chumvi na maji ya nusu ndimu. Washa moto wa kati na uivunjevunje kwa mwiko tangu mwanzo. Ukichelewa inashikana mabonge, na bonge moja lenye ncha kali linatosha kuchana unga.

Nyama itatoa maji. Yaache yakauke yenyewe, sufuria ikiwa wazi. Yakishakauka, tia bizari na pilipili manga, endelea kukaanga dakika mbili tatu, kisha uinyunyizie ndimu iliyobaki.

Dalili kwamba iko tayari: pitisha mwiko katikati ya sufuria hadi chini. Njia ikibaki kavu, bila maji kurudi, zima. Ikimeremeta kwa majimaji, bado. Itandaze kwenye sahani pana ipoe.

Kuna wanaotia nyama mbichi moja kwa moja kwenye unga wakitegemea itaivia ndani. Nyumbani usifanye hivyo. Nyama ya kusaga inahitaji kufikia nyuzi 71 mpaka katikati ili iwe salama, na dakika chache za tava, kukiwa na yai na mboga juu yake, hazikuhakikishii hilo. Zaidi ya hapo, nyama mbichi hutoa maji ndani ya unga, nawe unarudi kwenye tatizo lilelile.

## Hatua ya 2: Kanda unga laini kuliko wa chapati

Koroga chumvi ndani ya maji mpaka iyeyuke. Weka unga kwenye bakuli, mimina maji kidogo kidogo huku ukichanganya kwa mkono. Unga wa leo na wa wiki ijayo haunywi maji sawasawa, kwa hiyo bakisha vijiko viwili vya maji na uvitie ukiona haja tu.

Ukishashikana, tia vijiko 2 vya mafuta na ukande dakika 10 kamili. Kandia mezani kwa kitako cha kiganja: sukuma mbele, kunja, zungusha, rudia. Dakika tatu za kwanza utanata mikononi. Vumilia, usiongeze unga mkavu. Kijiko kimoja cha unga wa ziada hapa, kingine pale, ndicho kinachozaa donge gumu linalorudi nyuma kila ukilivuta.

Simama unapogusa donge ukakuta lina ulaini wa ndewe ya sikio na uso wake umeteleza, hauna mabaka. Mpishi wa chapati atahisi kuwa umezidi maji. Muache ahisi hivyo.

Funika kwa kitambaa chenye unyevu kwa dakika 15. Baada ya hapo utaona linakubali kukatwa bila kujikunyata.

## Hatua ya 3: Madonge, mafuta na subira

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye siri yote.

Gawa unga madonge 8 makubwa ya gramu 85 na madogo 8 ya gramu 18. Huna mizani? Kubwa liwe kidogo chini ya donge la chapati nene, dogo liwe ukubwa wa ndimu changa. Yale madogo ni ya viraka, kazi yake utaiona mbele.

Zungusha kila donge ukivutia ngozi yake chini mpaka juu pawe laini kabisa. Ufa unaouacha hapa utafunguka baadaye ukiwa umeshatia yai.

Mimina mafuta kwenye sinia, viringisha madonge yote yalowe pande zote, yapange yasigusane sana, mimina mafuta yaliyobaki juu na ufunike. Mafuta hufanya kazi mbili: yanazuia ngozi kukauka, na yanaufanya unga uteleze badala ya kung'ang'ania meza unapoutanua.

Sasa yaache. Saa 2 ni kiwango cha chini. Saa 3 au 4 ni bora. Ulipokuwa ukikanda, gluteni ilijikaza. Muda ndio unaoilegeza, na hakuna nguvu ya mikono inayoweza kuchukua nafasi ya muda. Wapishi wa Forodhani wanaouza usiku hukanda mchana.

Hali ya hewa ina neno lake. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, saa 2 zinatosha. Kwenye baridi ya Julai huko Arusha au Nairobi, ongeza saa nzima, au weka sinia karibu na jiko. Unaweza pia kulaza madonge kwenye friji usiku kucha, mradi uyatoe saa moja na nusu kabla ya kuyatumia. Donge baridi halivutiki.

Kipimo: bonyeza donge kwa kidole. Shimo likibaki palepale, limepumzika. Likijaa tena upesi, lirudishie kitambaa, nenda kafanye kazi nyingine.

## Hatua ya 4: Katakata mboga, lakini usizitie chumvi

Vitunguu na pilipili hoho zikatwe vipande vidogo sana, nusu sentimita au chini ya hapo. Si kwa ajili ya uzuri. Kipande kikubwa cha hoho hutoboa unga wakati wa kukunja, na kitunguu kikubwa hakiivi kwa dakika nane.

Usitie chumvi kwenye mboga kabla. Chumvi huvuta maji, na ndani ya robo saa bakuli litakuwa na mchuzi. Nyama na jibini vina chumvi ya kutosha.

Nyanya nazionea wasiwasi. Wapo wanaozitia ndani, na kwa moto mkali wa mpishi mzoefu hupita. Kwako wewe unayeanza, zipeleke kwenye kachumbari.

## Hatua ya 5: Andaa tava kabla ya kutanua unga

Unga uliojazwa hausubiri. Tava iwe na moto tayari.

Kwenye gesi, tumia moto wa chini unaokaribia wa kati, na uipe tava nzito dakika 5 ipate joto sawasawa. Kwenye jiko la mkaa, subiri makaa yafunikwe na jivu jeupe, kisha yatandaze. Makaa mekundu yaliyorundikwa katikati yataunguza kitovu cha pizza huku pembe zikibaki mbichi.

Jaribu kwa kipande kidogo cha unga chenye mafuta. Kikitoa vipovu vya taratibu na kuanza kubadilika rangi baada ya dakika moja, moto uko sawa. Kikigeuka kahawia ndani ya sekunde kumi na tano, punguza.

## Hatua ya 6: Tanua unga kwa viganja, kifimbo kiweke kabatini

Paka mafuta sinia au meza. Weka donge kubwa katikati na ulibonyeze kwa kiganja, kuanzia kitovu kwenda nje, ukilizungusha, mpaka lifike upana wa sahani ndogo.

Sasa ingiza vidole chini ya ukingo, inua kidogo, vuta kwako polepole, uweke chini. Sogea sehemu inayofuata. Ukingo ulioshushwa utashika meza kidogo tu, kiasi cha kushikilia ulichokivuta. Zunguka mara mbili au tatu, unga utafika upana wa sentimita 30 hivi.

Ule mtindo wa kurusha unga hewani na kuupiga mezani unapendeza kuutazama, lakini haumwongezei mlaji chochote. Achana nao.

Kingo zinahitaji jicho la pekee. Wengi hufurahia unga kuwa mwembamba katikati na kuacha ukingo mnene pembeni. Ukikunja, kingo zile nene nne zinakutana mahali pamoja juu, na hapo ndipo unapouma unga mbichi. Vuta kingo ziwe nyembamba kuliko katikati.

Umefaulu ikiwa unaona rangi ya sinia kupitia unga. Matundu madogo pembezoni hayana madhara, yatafunikwa na mikunjo. Tundu la katikati ndilo hatari, nalo linatupeleka kwenye kiraka.

## Hatua ya 7: Weka kiraka

Bonyeza donge dogo liwe duara la sentimita 10 au 12, si lazima liwe jembamba sana. Liweke katikati ya unga uliotanuliwa.

Hii ndiyo sakafu inayobeba mzigo. Bila kiraka, uzito wa nyama na yai unakaa juu ya unga uliovutwa mpaka mwisho wake, na ukiinua pizza kuipeleka kwenye tava, kitako kinabaki mezani. Baadhi ya maelekezo ya mtandaoni hayakitaji kabisa, na mtu anayeyafuata hulaumu mikono yake bure.

## Hatua ya 8: Jaza kwa kiasi na kwa haraka

Kwa pizza moja: vijiko 3 vya chakula vya nyama, kijiko 1 cha kitunguu, kijiko 1 cha hoho, kotimiri ya kuonja, jibini moja iliyovunjwavunjwa, kijiko 1 cha mayonezi, yai 1.

Wauzaji huweka vyote juu ya unga, wakavunja yai juu yake na kuchanganya papo hapo kwa kijiko au vidole. Wanajua kugusa bila kukwaruza. Kwa pizza zako za mwanzo changanya kwenye bakuli dogo kwa uma, kisha mimina juu ya kiraka. Ladha haipungui, na meno ya uma hayafiki kwenye unga.

Changanya mchanganyiko wa pizza moja tu kwa wakati mmoja. Bakuli kubwa la pizza zote nane linaonekana kuokoa muda, lakini kitunguu kitatoa maji, na pizza ya tano na kuendelea zote zitavuja.

Mchanganyiko usivuke mpaka wa kiraka. Ukiona unatiririka kuelekea pembeni, ama nyama haikukauka, ama yai ni kubwa mno. Ongeza kijiko cha nyama. Usijaribiwe kuongeza yai la pili. Yai moja linashikamanisha vyote, mawili yanatafuta njia ya kutoka.

Kuanzia unapomimina hadi pizza iko kwenye tava, usizidishe dakika moja. Majimaji ya yai hulainisha unga kila sekunde inayopita.

## Hatua ya 9: Kunja pande nne

Inua upande wa kushoto, uulaze juu ya mchanganyiko. Wa kulia uje juu yake, zipandane angalau upana wa vidole viwili. Kisha upande wa chini, halafu wa juu. Umepata mraba wa sentimita 13 hivi.

Usivute kwa nguvu ukidhani unaifunga vizuri, kwani unga uliokazwa hupasuka yai linapotanuka kwa joto. Ulaze tu. Pitisha kiganja juu kwa upole ili hewa itoke na mikunjo ishikane. Mafuta hayazuii kushikana huko, kwa kuwa yai kidogo la pembeni litafanya kazi ya gundi.

## Hatua ya 10: Ihamishie kwenye tava

Tia kijiko kimoja cha samli au mafuta kwenye tava. Samli inatoa harufu ambayo mafuta hayana, na haiungui upesi. Siagi haifai hapa, huungua kabla pizza haijaiva.

Paka vidole mafuta, viingize chini ya pizza kutoka pande mbili, inua kwa mara moja na uiweke, mikunjo ikiwa juu. Kama mikono inasita, kunjia pizza karibu na ukingo wa sinia, kisha isukume iteleze yenyewe.

Yai kidogo likitoka, si msiba. Lisukume kwa mwiko ligande kando ya pizza. Kinachoharibu mambo ni kuhangaika kuinua pizza tena.

## Hatua ya 11: Kaanga taratibu

Iache dakika 3 bila kuigusa. Wakati huo chota mafuta ya moto kwa kijiko na umwagie juu ya mikunjo, mara mbili au tatu. Unga wa juu utakauka na kujifunga kabla hujaugeuza. Hii ndiyo kinga kubwa dhidi ya kuvuja, na inachukua sekunde chache.

Chini pakiwa na madoa ya kahawia, geuza kwa mwiko bapa, mkono mwingine ukishikilia juu. Ongeza samli kidogo pembeni. Dakika nyingine 3 hadi 4. Kisha geuza tena upande wa kwanza kwa dakika moja, na ukiona ubavu bado mweupe, simamisha pizza kwa ubavu nusu dakika kila upande.

Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, kiini kwenye 65 hadi 70. Joto hilo linapaswa kusafiri kupitia unga wa tabaka kadhaa na nyama. Haliwezi kukimbizwa. Moto mkali unapaka rangi nje tu.

Namna ya kujua imeiva: bonyeza katikati kwa mwiko. Ikirudi juu kwa uimara, yai limeganda. Ikibonyea na kuhisi maji yanacheza ndani, bado. Ukiwa na shaka, choma kisu chembamba katikati; kikitoka na ute, irudishe kwenye moto wa chini kabisa dakika 2 zaidi.

## Hatua ya 12: Ipumzishe, kata, kula

Dakika moja kwenye sahani yenye karatasi, kisha ikate vipande 9 kwa kisu kikali. Usiifunike. Mvuke ukinaswa, ngozi yote uliyoihangaikia inalegea.

Andaa chachandu na kachumbari ya kabichi, nyanya na ndimu. Basi.

## Bado inakusumbua?

Unga unarudi nyuma kila ukiuvuta. Haukupumzika, au uliongeza unga mkavu. Uache saa moja zaidi, usishindane nao.

Unachanika katikati kila mara. Angalia unga wenyewe kwanza, pengine ni wa keki. Kama ni sahihi, unavuta kutoka katikati badala ya ukingoni. Kucha ndefu nazo ni mhalifu asiyeshukiwa.

Nje nyeusi, ndani mbichi. Moto. Punguza kuliko unavyodhani inafaa.

Imeiva lakini ni ngumu kutafuna. Ulikanda donge kavu, au uliacha pizza kwenye tava bila mafuta ya kutosha.

Inakuwa na mafuta mengi mno. Madonge hubeba mafuta yake. Yainue yachuruzike kabla ya kutanua, na kwenye tava tia kijiko kimoja kwa wakati, si kumimina.

## Kila mahali na mdomo wake

Ukishaweza ile ya msingi, badilisha ndani, usibadilishe unga.

Forodhani yenyewe ina meza mbili, kwa maana ya walaji. Wageni wengi huomba ya chokoleti na ndizi au ya embe. Anayetaka kushiba huchukua ya nyama na yai, pilipili iongezwe. Ya tamu ni rahisi zaidi: haina yai, kwa hiyo dakika 2 kila upande zinatosha. Chagua ndizi iliyoiva lakini bado imara, kata nyembamba, paka chokoleti ya kupaka kwenye kiraka tu. Chokoleti ikigusa tava huungua na kuchafua pizza zote zinazofuata. Embe nalo likaushwe kwa kitambaa kwanza.

Kwa pweza, chemsha mpaka alainike ndipo ukate vipande vidogo. Kamba na ngisi wakaangwe haraka na kuchujwa. Kiumbe yeyote wa baharini akiingia mbichi atamwaga maji yake yote ndani.

Mombasa, mkate wa mayai huwa hauna haja ya mayonezi wala jibini: nyama, kitunguu, dania nyingi, yai. Ukiutaka hivyo, ondoa vijiko vyote vya mayonezi na ongeza kijiko cha nyama. Binafsi naona huo ndio mtihani wa kweli wa mpishi, maana jibini halipo la kuficha nyama isiyo na ladha.

Jidda na Makka, mutabbaq, ndugu wa pizza hii, hutiwa majani ya kurrath kwa wingi. Majani ya vitunguu yanakaribia ladha hiyo. Malaysia na Singapore hula yao, murtabak, na mchuzi wa bizari wa kuchovya. Usiku ambao una mchuzi wa kuku uliobaki, jaribu.

## Kwa futari, au kwa wageni wengi

Nyama ipikwe siku moja kabla na kuwekwa kwenye friji. Madonge yakandwe mchana. Mboga zikatwe saa moja kabla, kila aina chombo chake.

Tenga dakika 10 kwa kila pizza ukiwa na tava moja, yaani pizza 8 ni zaidi ya saa nzima. Mwenye tava mbili anapunguza nusu. Zilizokwisha ziweke juu ya waya au chekeche zisitoe jasho, na usizipandanishe. Kama zimepoa, zirudishe kwenye tava kavu kwa moto wa chini, dakika 2 kila upande, maikrowevu huzilegeza.

Madonge yaliyobaki yanakaa kwenye friji, yakiwa ndani ya mafuta yake, kwa siku 2. Siku ya tatu yanaanza kubadilika rangi na kukatika. Kabla ya hapo yatanue, yakunje matupu na uyakaange na samli kwa chai ya asubuhi.